Mwaliko wa Fundi Saa

Asubuhi ile benchi la nje kwa Kinyozi lilijaa kama kawaida, birika likizunguka, ila Vitufe hakuigusa kahawa yake. Vitufe ndiye binti wa mtaa anayeandika programu za kompyuta, na jana yake programu yake ilikuwa imetuma mialiko ya arusi ya binti wa Dereva kwenye simu za wageni wote. Mwaliko wa Fundi Saa, aliyefiwa na mkewe mwezi uliopita, ulisema: "Karibu wewe na mwenzi wako." Mwenyewe alikuwa hapo hapo, akipuliza kikombe.

Vitufe aliwaeleza kwa sauti ya chini. Mbinu yake ya kutuma mwaliko, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi hiyo, hupokea vitu viwili: jina la mgeni na jina la mwenzi. La pili ni la hiari. Usipolitaja, mbinu hujiwekea yenyewe "mwenzi wako".

— Niliona ndiyo adabu. Kumbe mtu kanyamaza, mimi nikamjibia.

Dereva hakuona ugumu. Hiari iondolewe, kila mtu ajaze. Haba na haba hujaza kibaba. Kinyozi akamuuliza asiye na mwenzi ajaze nini, jina la paka? Yeye Kinyozi alitaka mbinu mbili zenye jina moja, ya mgeni peke yake na ya wawili, programu ichague kulingana na ulichoipa.

— Na anayekuja na mama mkwe? Dereva aliuliza.

— Ya tatu.

— Na watoto je?

Kinyozi alifika mbinu ya tisa, akafunga kwa kusema mwenda pole hajikwai. Dereva akaona basi bora arusi ingoje mpaka mtaa mzima uoe. Fundi Saa akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

— Asiyetajwa nitamwacha asitajwe, Vitufe alisema. Mwaliko useme "Karibu", basi. Nisamehe, baba.

— Hukunikosea sana, mwanangu. Nilipousoma nilimwita mke wangu aje auone.

Hapo ndipo Dobi, mgeni wa mtaa asiyejua habari ya msiba, aliyekuwa amesimama akisubiri nafasi, alipouliza:

— Sasa mzee, arusini unakwenda na nani?

Dereva akaangalia barabara. Kinyozi akafuta wembe uliokuwa safi. Fundi Saa akasogea, wote wakasogea, Dobi akapata pa kukaa. Mzee akainua birika ammiminie mgeni. Likatoa tone moja.