Fundi Aliyechonga Ubongo

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kichwa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1950, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa tatu wa mpasua mbao na mshonaji. Alisoma hadi darasa la sita. La saba hakuliona, maana baba yake aliumia mkono na msumeno ukahitaji mtu.

Mwaka 1974 aliajiriwa na chuo cha wauguzi kutengeneza stuli na meza. Siku moja akakabidhiwa sanamu ya ubongo ya kufundishia, imevunjika vipandevipande. Akachonga nyingine ya mbao, inayofunguka na kufungika, akaipiga msasa, akaipaka rangi, kazi safi kweli! Kasoro ilikuwa moja: ubongo mdogo, unaokaa kisogoni na kutuwezesha kusimama bila kupepesuka, aliupachika mbele. Mwalimu wa zamu akacheka hadi akashika meza.

"Fundi, mgonjwa wako huyu atatembea kwa paji la uso!"

Baba aliona haya, lakini hakununa. "Basi nifundishe, mwalimu."

Kila jioni akafundishwa: mbele ni kupanga na kuamua, mbele kushoto ni maneno, nyuma ni kuona, ndani usawa wa masikio ni kumbukumbu, na chini kabisa ni shina, linaloendesha pumzi na moyo. Mwalimu huyo ndiye mama yetu. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1976. Mpaka Baba anastaafu mwaka 2010, hakuna muuguzi aliyemaliza chuo bila kupita mbele ya ule ubongo. Aligonga shina kwa kidole akisema, "Hili halilali. Nyie mkikoroma, lenyewe liko zamu."

Tarehe 3 Juni 2021 kiharusi kilimwangusha karakanani. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakatika. Mama, pamoja na elimu yake yote, alikosa raha kwa swali moja: bado ananijua? Wiki ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Baba watoto, mimi ni nani kwako?"

Baba akatafuta neno hadi jasho likamtoka. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kwenye ubongo wake wa mbao, ambao chuo kilimzawadia alipostaafu, akachomoa kipande cha maneno, akakiweka kiganjani mwa Mama na kutikisa kichwa. Hiki kimekwenda. Halafu akagusa usawa wa sikio, mahali pa kumbukumbu, akamnyooshea Mama kidole. Jamani, Mama alilia huku anacheka.

Kiharusi cha pili kilimchukua hospitalini, tarehe 11 Novemba 2023, saa mbili asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na wauguzi wasiohesabika. Ubongo wa mbao tumeurudisha chuoni ukiwa na pengo. Kipande kinachokosekana kimo kwenye mkoba wa Mama, na tafadhali, mtu asimwombe.

Zamu imekwisha, Baba. Sasa na shina lilale, kwa amani.