Dk. Nuhad Mitri Sassin, Binti wa Mvuna Chumvi wa Anfeh (1959–2024)

Ndugu, majirani na nyote mliopanda hadi kanisani leo na mvua hii, asanteni. Mimi ni Jurji, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kumsemea dada ambaye hakuwahi kukubali kusemewa.

Dk. Nuhad alizaliwa tarehe 14 Aprili 1959 hapa Anfeh, mtoto wa kwanza wa Mitri, mvuna chumvi, na marehemu Warde. Alijifunza kutembea juu ya kuta za mashamba ya chumvi, na mama alimfunga kamba kiunoni asitumbukie.

Alisoma kwa masista mjini Tripoli, hapa jirani, kisha akaanza kemia Beirut mwaka 1977. Vita vilipozidi alivuka kwenda Marseille, akapata uzamivu mwaka 1988. Kule alikuwa na bahari ileile, lakini hakuizoea. Akipiga simu, siku laini ikikubali, alimwambia mama, "Usiongee kwanza. Fungua dirisha nisikie." Mama alifungua, wakaisikiliza bahari wote wawili mpaka laini ikakatika.

Alirudi mwaka 1992 na kufundisha chuo kikuu. Alichunguza jinsi plastiki inavyosagika baharini mpaka kuwa chembe ambazo hata hadubini ya kawaida haizioni. Maabarani kwake plastiki ilikuwa mwiko, maana uzi mmoja wa nailoni ungeharibu kipimo. Siku Nikola Tabet, fundi mitambo kutoka Batroun, alipoitwa kutengeneza mashine, alizuiwa mlangoni.

"Vua hilo jaketi, au rudi ulikotoka."

"Daktari, kuna baridi!"

"Baridi haiharibu vipimo."

Nikola alifanya kazi akitetemeka. Wiki iliyofuata, bila kuitwa, alirudi amevaa sweta ya sufu ya babu yake. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 11 Septemba 1994, wakajaliwa binti mmoja, Mirna.

Mwaka 2016 marehemu alipima chumvi ya pwani yetu, ya Baba ikiwemo, akakuta plastiki. Wengi walimsihi afiche jina la mji. Kabla ya kuchapisha, alikuja kumweleza Baba mezani, mbele yetu.

"Unaniambia nimekuwa nikiwalisha watu mifuko?" Baba aliuliza.

"Si wewe, Baba. Bahari ndiyo imekuletea."

"Watu watasoma bahari, au watasoma Anfeh?"

 Nuhad aliandika Anfeh. Msimu ule magunia yalibaki ghalani, na Baba akaacha kusema naye. Hata hivyo kila Jumapili Nuhad alikuja shambani, akasimama kando. Baba aliendelea kukwangua chumvi, amempa mgongo.

Ndipo Nuhad akajitosa katika kazi iliyochukua maisha yake yote yaliyobaki. Alitumia chembe za kutu ya chuma, ndogo mno kuliko vumbi, zinazonasa plastiki ndani ya maji. Kisha sumaku huzivuta zote pamoja. Mwaka 2018 alimletea Baba shambani chumvi kiganja kimoja, iliyotokana na maji aliyoyasafisha hivyo. Baba aliionja.

"Sioni tofauti."

"Mimi naiona, Baba."

"Hii ni ya kukaangia yai. Shamba je?"

"Shamba bado."

Baba alisogea pale ukutani alipoketi, akampisha. "Basi kaa. Mbona umesimama kama mgeni?"

Shamba hakulifikia. Machi 2023 aligundulika kuwa na kansa ya kongosho. Dawa zilikuwa adimu, na Nikola alizifuata mpaka Kupro. Marehemu hakulalamikia maumivu. Lililomliza lilikuwa maji ya shamba: "Yananisubiri, Jurji, na mimi ndiyo naondoka." Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mirna.

Ameacha mume, Nikola, binti, Mirna, mimi mdogo wake, wanafunzi wake, ambao leo asubuhi wamefungua maabara kabla ya kuja hapa, na Baba, mwenye miaka tisini na miwili. Tumemweleza msiba huu tena na tena tangu juzi. Leo tukimvisha koti alimgeukia Nikola, akamuuliza, "Mkeo mbona hajaja?"

Dada, nasi tunakuuliza hivyo hivyo. Pumzika sasa, Mungu akukumbuke milele.