Mama Vizibo na Siku Saba za Majaribio

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Aliye jikoni apunguze moto kidogo. Aliye njiani atembee taratibu. Leo hatuna haraka.

Leo tunamkumbuka mfuaji wa mashuka. Ndiyo, mmesikia vizuri, mfuaji wa mashuka. Kwa miaka ishirini na sita alifua mashuka ya hospitali, akayakamua, akayaanika, akayakunja. Lakini mtaani kwake hakuna aliyemwita mfuaji. Walimwita Mama Vizibo. Alifariki dunia wiki tatu zilizopita, siku ya Alhamisi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Ameacha mume na binti mmoja.

Alikuwa mwembamba, mfupi, na mdomo haukumlala. Binti yake, ambaye ni msusi, anasema, "Mama akisimama nyuma ya shuka lililoanikwa, unaona miguu tu, na shuka linaongea."

Mambo yalianza hivi. Miaka kumi na minne iliyopita, mume wake, fundi rangi, alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka ukuta wa ghorofa ya pili. Akaumia shingo. Alipona, lakini hakuinuka tena. Miguu ilikataa. Vidole vilikataa. Ni mkono wa kulia tu uliobaki na uhai kidogo. Aliweza kuusogeza na kuukandamiza, lakini si kushika kitu.

Basi Mama Vizibo akawa na kazi mbili. Alfajiri anamwosha mumewe, anamlisha, anamgeuza ubavu, kisha huyo, mbio kazini. Jioni anarudi. Na kila asubuhi mume anakataa chai. "Sina kiu," anasema. Mkewe akadhani ni huzuni tu, itapita. Hadi siku moja, anamfuta uso, akaona midomo imechanika mpaka damu.

"Mzee, hivi wewe unakunywa maji saa ngapi?"

Mume akageuza macho ukutani. "Nikinywa nitalowesha kitanda. Unashinda na mashuka ya watu kutwa nzima. Ukirudi ukute na langu?"

Wasikilizaji wapendwa, yule mama alitoka uani akajifanya anatafuta beseni. Alikaa huko muda mrefu kuliko beseni linavyotafutwa.

Kesho yake alirudi kutoka kazini na vibanio viwili vya nguo mfukoni. Akachukua chupa ya plastiki, akaitoboa, akaitundika kichwani pa kitanda. Akaunganisha mrija hadi mdomoni kwa mumewe. Kibanio akakipigilia kwenye kibao ubavuni pake, kikiubana mrija. Mzee akikandamiza kibanio kwa kiganja, maji yanakuja. Akiachia, maji yanakatika. Siku ya kwanza kibanio kilifyatuka, maji yote yakamwagika kitandani.

"Mimi nimeoa mhandisi wa mafuriko," mzee akasema.

Walicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza wanacheka tangu ajali. Siku ya tatu kibanio kikakaa sawa, na mzee akanywa maji mwenyewe, peke yake, saa sita mchana, bila kumsubiri mtu. Ile shida nyingine, ya kulowesha kitanda, nayo aliitatua kwa kipande cha mpira wa baiskeli na chupa ya pili. Hiyo sitaieleza zaidi. Mzee yuko hai na anatusikiliza.

Kisha akatengeneza kengele. Alikusanya vizibo vya soda, akavitoboa, akavipanga kwenye waya, akafunga kamba hadi kwenye mkono wa mumewe. Mzee akivuta, vizibo vinapiga kelele mtaa mzima. Mkewe akiwa uani au kwa jirani, anasikia, anaitika, "Nakuja, usinivunjie nyumba!" Hapo ndipo jina la Mama Vizibo lilipotoka.

Watu wakaanza kuja. Huyu anataka kijiko cha mama yake mwenye mikono inayotetemeka. Yule ana mguu mmoja mfupi, anataka kandambili ziongezwe soli. Alitumia alichokiokota: mabomba ya plastiki, spoku za baiskeli, ndoo zilizopasuka, maboksi. Binti yake, wakati huo bado msichana, alikuwa anapita kando ya ukuta kwa aibu. "Nilimwambia, mama, nyumba yetu imekuwa jalala. Akanijibu, basi wewe ndiye ua pekee jalalani. Utaanzaje kugombana na mtu wa namna hiyo?"

Lakini, wasikilizaji, si kila alichokitengeneza kilisimama. Na hili tunalisema kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Miaka minane iliyopita alimtengenezea bibi wa nyumba ya pili fremu ya kutembelea. Alitumia mabomba ya plastiki. Bomba moja halikukubali kupinda, akalirudisha motoni mara ya pili. Likapinda. Bibi akaitumia fremu ile wiki tatu, akienda nayo mpaka sokoni. Asubuhi moja, kwenye ngazi za mlango wake, bomba likakatika. Bibi akaanguka, nyonga ikavunjika.

Hakuna aliyejua sababu. Plastiki hukatika, watu walisema, na bibi ni mzee. Mama Vizibo angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alimfuata mtoto wa yule bibi, dereva wa lori, akamkuta anaosha gari. Akamwambia akiwa amesimama wima, mikono nyuma kama mtoto wa shule:

"Lile bomba nililipitisha motoni mara mbili. Niliona limebadilika rangi. Nilidhani litahimili. Kosa ni langu."

 Dereva aliendelea kuosha gari. Mama Vizibo akasubiri, akasubiri, kisha akaondoka.

Kwa miezi minne alikwenda kwa yule bibi kila asubuhi kabla ya kazi, akamwosha na kumbadilisha mashuka. Bibi hakuwa na kinyongo. Alimwambia, "Mwanangu, ile fremu ilinifikisha sokoni mara tisa. Mbona hizo tisa huzihesabu?" Mwezi wa nne bibi akafariki.

Mama Vizibo akatia vifaa vyake vyote kwenye ndoo, akaifunika, akaisukuma chini ya meza. Watu walikuja, akawaambia hawezi. Miaka miwili hakugusa hata kisu cha kukatia boksi. Ile chupa ya mzee na kengele yake aliviacha, lakini kila siku alivikagua, kila kamba, kila msumari, mpaka mumewe akamwambia, "Mama, unanikagua kama niko jela."

Siku moja mlango ukagongwa. Alikuwa yule dereva wa lori. Amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwenye mlango wa gari. Mkononi kashika shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akashika mlango.

"Sijui kama nimekusamehe," dereva akasema. "Sitaki kukudanganya. Lakini mke wangu ananifunga vifungo kila asubuhi kama mtoto wa chekechea. Nimechoka. Tengeneza kitu."

Mama Vizibo akaivuta ile ndoo. Alikunja spoku ya baiskeli, akaichomeka kwenye mpini wa mswaki wa zamani. Ilikuwa ndoano ndogo ya kuvutia kifungo kwenye tundu lake. Lakini hakumpa siku ile. Alimwambia, "Rudi baada ya siku saba." Kwa siku saba alikunja vidole vyake mwenyewe, akavifunga kwa kitambaa, akavaa mashati ya mumewe na kuyafunga vifungo kwa kile kidude, asubuhi na jioni. Siku ya nane akamkabidhi. Dereva alifunga shati lake mbele yake, kifungo kwa kifungo, hadi juu. Akashukuru, akaondoka. Tangu siku hiyo alipokuwa akirudi safari alimletea spoku.

Kuanzia hapo ikawa sheria. Siku saba juu ya mwili wake kwanza, ndipo apewe mwingine. Mtaa ulimwona akichechemea na kiatu cha soli tatu. Ulimwona akila wali kwa kijiko kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono. Vijana wa kona walivunjika mbavu kwa kucheka. Naye aliwajibu, "Chekeni, meno mnayo. Yakiisha mje, nitawatengenezea."

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika pagumu.

Mwaka jana daktari alimwambia moyo wake umechoka. Alimweleza binti yake, akamwapisha asimwambie mzee. Alipunguza kubeba maji, lakini kazi hakuacha. Mwezi uliopita alikuwa akitengeneza kiti kwa ajili ya msichana wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa muuza mboga. Msichana huyu mwili wake hausimami wala haukai bila kushikwa. Tangu azaliwe amelala mkekani au mgongoni kwa mama yake. Mama Vizibo alibandika maboksi tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga wa ngano, akayakausha juani, akafunika kwa magazeti, akayakausha tena. Kikawa kigumu kama mbao. Mzee, kutoka kitandani, ndiye aliyeamua rangi. Ipake mara tatu, alisema, na usisahau chini ya miguu ya kiti, maji huingilia huko.

Jumatatu akaanza kukikalia. Jumanne akakikalia. Jumatano akakikalia. Alhamisi asubuhi, siku ya nne, kabla ya kwenda kazini, alikaa kwenye kiti kile ubavuni pa mumewe, akichambua maharage. Akasimama. Akasema, "Mzee, ngoja nivute pumzi kidogo." Akaanguka chini kando ya kitanda.

Mumewe alimwona. Hakuweza kumfikia. Alikuwa umbali wa mkono mmoja tu, ule mkono usioshika. Akaita, lakini sauti yake ni ndogo tangu ajali. Akavuta kengele. Akavuta, akavuta. Majirani wote waliisikia. Mmoja alikuwa anafagia, mwingine anaanika nguo. Waliisikia kengele ya vizibo kama walivyoisikia kwa miaka kumi na minne. Kila mtu akadhani anamwita mkewe.

Na kweli alikuwa anamwita mkewe.

Ni dereva wa lori aliyepita njia, na kifurushi cha spoku, akajiuliza mbona leo kengele haijibiwi. Akasukuma mlango. Alikuwa amechelewa.

Tulipomtembelea mzee alikuwa amenyolewa ndevu vizuri, binti yake amehamia pale. Chupa imejaa maji. Tulimuuliza anaendeleaje. Akaitazama ile chupa. Kisha akasema, "Binti yangu ananitunza. Hajakosea kitu. Lakini hajui kunigombeza." Hapo machozi yakamtoka, na binti akayafuta, kwa sababu mwenyewe hawezi.

Na kiti? Baada ya mazishi watu walimwambia msusi akipeleke tu, kimekamilika. Yeye alihesabu. Mama alikikalia siku nne. Zimebaki tatu. Akafunga saluni yake siku tatu, akakaa. Siku tatu nzima, macho yamevimba, ndani ya kiti cha maboksi, mwanamke mzima na mwenye mwili kuliko mama yake. Kiti hakikutoa mlio hata kidogo. Siku ya nne akakibeba kichwani mpaka kwa muuza mboga.

Walimkalisha yule msichana, wakamfunga mkanda mpana kifuani. Shingo ikayumba, ikatulia. Akaanza kutazama chumba, pole pole. Akatazama dirisha. Akamtazama mama yake aliyekuwa ameinama kufunga mkanda, na kwa ile sauti yake ya kuvuta maneno akasema:

"Mama. Kumbe una mvi."

Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji, hakuwahi kumwona mama yake kutoka juu.

Kwa mzee wetu, fundi rangi, na kwa binti yake msusi: poleni sana. Hatuna neno la kuziba pengo hilo na hatutajifanya tunalo. Na wewe unayetusikiliza, leo mtazame mtu mmoja wa nyumbani kwako. Tazama mikono yake, uone ni kitu gani kinamshinda na hajawahi kukitaja. Muulize. Pengine dawa yake iko kwenye takataka zako.

Sasa tutanyamaza dakika moja kwa ajili ya Mama Vizibo. Msiguse redio zenu. Hazijaharibika.