Mjuzi wa Faili kwa Asilimia Tisini na Nane

Nyuma ya lile jengo la matofali mekundu pale Tampere, lililokuwa kiwanda cha vitambaa na sasa limejaa watu wa kompyuta, kuna benchi linaloelekea mtoni. Wavuta sigara walilihama zamani, wakaja waandika programu na termosi yao ya kahawa, na tangu hapo hakuna jambo la dunia hii ambalo halijaamuliwa pale kabla ya saa nne asubuhi. Wenyewe wana majina yao ya benchini. Hilkka anaitwa Skrini Nyeusi, kwa kuwa tangu ujana wake anaandikia programu moja tu, nyeusi tii, isiyojua hata kipanya ni nini, na ukimshauri ajaribu nyingine anakutazama kama umemtukania mama. Jouni ni Apdeti: toleo jipya la kitu chochote likitoka alfajiri, saa moja keshaliweka, saa mbili keshalisifia, saa tatu anauliza nani anajua kulitoa. Paavo ni Nabii, maana kila alichotabiri kitaharibika kimeharibika, jambo ambalo kwa kazi hii wala halihitaji ufunuo. Wa nne ni Ilmari, ambaye mpaka mwezi uliopita hakuwa na jina. Sasa anaitwa Mwenye Faili, na Ijumaa hiyo alikuja na begi la safari mgongoni, sinia la mikate ya iliki mkononi, na uso uliomshuka.

— Mikate tena? Nabii akauliza, mkono umeshafika kwenye sinia. Ukuta mwekundu?

— Mwekundu, akasema Ilmari.

Ofisini kwao, ukutani kwa bosi, kuna skrini kubwa. Mambo yakienda sawa ni kijani. Kitu kikisimama ni nyekundu, na mwenye kitu kilichosimama huwaletea wenzake mikate. Desturi hiyo ilianza kwa utani, siku hizi inaheshimiwa kuliko mkataba wa kazi. Wiki ya tatu hii Ilmari alikuwa akileta yeye tu, na wenzake walianza kunenepa.

Na kosa lake lenyewe ukilisikia utacheka mpaka ukohoe. Siku moja alifungua faili la programu aliloliandika mzee Raimo, aliyestaafu akahamia huko Lappi, kaskazini kusikoshika simu, akaona mstari mtupu umezidi, akaufuta. Mstari mtupu! Akasevu. Asichojua ni kwamba kihariri, yaani ile programu wanayoandikia kazi zao, kilikuwa kimejipa apdeti jana yake, na moja ya mapya yake ni kupanga upya faili zima kila unaposevu: nafasi hapa, mabano pale, usafi mtupu. Mistari elfu kumi na moja ikasogea kidogo kila mmoja. Na kwa kumbukumbu za mashine, aliyeusogeza mstari ndiye aliyeuandika. Apdeti iliyofuata ikaja na jipya jingine, kwamba juu ya kila faili litokee jina la anayelijua kuliko wote. Juu ya lile la Raimo ikatokea: Mjuzi, Ilmari, asilimia tisini na nane. Na faili lenyewe, kwa uzee wake, lilikuwa limeanza kusimama kila usiku.

Bosi wao Marjut hana ubishi na kitu kilichoandikwa na mashine. Faili likisimama, mjuzi awepo. Na likizo ya Ilmari ya mwezi mzima ilikuwa inaanza siku hiyo hiyo. Saa nne kulikuwa na kikao cha kumwomba aiahirishe, na kuombwa na Marjut ni kuambiwa tu kwa sauti ya chini. Angekuwa anakwenda kuota jua Uhispania, asingejali. Lakini nyumba ya baba yake kule ziwani ilikuwa imeuzwa, mnunuzi anachukua funguo Agosti, na mzee yule ambaye maishani hajamwomba mtu hata kiberiti alikuwa amepiga simu akasema, njoo tumalizie pamoja kiangazi cha mwisho humo. Ilmari alimwahidi. Mara mbili alishika simu kumwambia haji, mara mbili akairudisha mfukoni.

— Mwambie Marjut faili si lako, akasema Skrini Nyeusi.

— Nimemwambia. Akasema unyenyekevu ni kitu kizuri, ila tuamini takwimu.

— Mwonyeshe kumbukumbu za zamani. Zina jina la Raimo mstari kwa mstari.

— Nimemwonyesha. Akasema Raimo yuko Lappi, mimi niko hapa.

— Ungekuwa unatumia programu yangu haya yasingekukuta, akasema Skrini Nyeusi, akijimiminia kahawa kwa raha zote. Miaka thelathini haijawahi kunisaidia hata siku moja. Nikiacha takataka, nazikuta pale pale nilipoziacha.

— Na siku ukitaka kutoka ndani yake? Apdeti akamchokoza. Si watu huwa wanashindwa hata kuifunga?

— Nitoke niende wapi?

Apdeti akamgeukia Ilmari.

— Tatizo si apdeti, ndugu yangu. Tatizo umebaki na ya wiki iliyopita. Ya leo asubuhi wamelishughulikia kabisa hili suala lako.

Ilmari akainua kichwa.

— Inaondoa jina?

— Haiondoi. Inaweka na picha yako.

— Toka hapa!

— Picha nzuri, lakini. Ile ya sherehe ya Krismasi.

Nabii alikuwa akitafuna polepole, macho mtoni. Akameza.

— Nyie mnaongea juu juu. Hiki kihariri kimemchagua. Kumbukeni kilivyoanza. Kilianza kwa kukumalizia neno, mkapiga makofi. Kikaja kukumalizia mstari, mkasema ee, jamani, maendeleo. Sasa kinakumalizia likizo. Mnadhani kwa nini apdeti hutoka siku ambayo mtu ameshafunga begi?

— Kimejuaje ana likizo? akauliza Apdeti.

— Vidole! Mtu wa likizo anabonyeza kwa furaha. Mashine inasikia.

— Huyu kaweka nini kwenye kahawa? akauliza Skrini Nyeusi.

— Sikilizeni mimi, akasema Apdeti. Mle ndani ya kihariri si kuna msaidizi anayeandika mwenyewe? Tumwambie aliandike faili zima upya. Basi mjuzi anakuwa yeye. Marjut amwite kwenye kikao, amnyime yeye likizo.

Ilmari karibu acheke. Nabii hakucheka.

— Na mikate atatuletea nani?

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Ilijadiliwa kwa kirefu kuliko likizo ya Ilmari, mpaka mwenyewe akaweka kikombe chini kwa kishindo.

— Jamani, nina nusu saa! Baba yangu ananingoja!

Hawakuwa watu wabaya, ila mdomo wa benchi hauna breki. Apdeti akajikuna shingo, safari hii akafikiri kweli.

— Kuna njia. Wewe ulipangiwa nafasi nne mwanzo wa kila mstari, sivyo? Mtu mwingine aweke nafasi mbili kwenye kihariri chake, afungue faili, asevu. Mistari yote inasogea tena, jina linahamia kwake. Sekunde moja.

Ilmari akawageukia wote watatu.

— Haya! Nani?

Mto ukawa kitu cha kutazamwa sana.

— Mimi programu yangu haisogezi chochote, akasema Skrini Nyeusi. Ningependa, lakini ndiyo hivyo.

— Mimi kesho nina ndege, akasema Apdeti. Na mke. Na watoto. Na mama mkwe.

— Mimi nimeshaona kuwa sitafanya, akasema Nabii.

Hapo ndipo alipotokea Saimi. Alikuwa ameanza kazi Jumatatu, ghorofa ya tatu, mwanamke wa makamo mwenye kikombe chake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumsemesha zaidi ya salamu. Siku hiyo walimpokea kama mkwe. Apdeti alisogea mpaka akabaki amekalia pembe, laptopu yake keshaipangia nafasi mbili.

— Karibu, dada, karibu! Keti hapa. Kula mkate, huo mkubwa, ndio huo. Kihariri chetu umeshakizoea? Hebu ingia kwa jina lako kwenye hii laptopu. Safi. Sasa fungua hili faili. Bonyeza tu hapo pa kusevu, ni kama kujitambulisha.

Skrini Nyeusi alimwongezea sukari bila kuulizwa. Nabii aligeuka upande, akaanza kuhesabu bata. Ilmari alijua kabisa kwamba anapaswa kusema neno. Aliona aibu, aibu ya kweli, masikio yakimwaka moto. Lakini moyoni alimwona baba yake amekaa peke yake kwenye gati la nyumba iliyouzwa, akanyamaza.

Saimi aliweka kidole juu ya kibodi, kisha akakiinua.

— Linafanya kazi gani?

— Ni la zamani, akasema Apdeti. Linafanya kazi za... zamani.

— Hesabu, akasema Skrini Nyeusi.

— Hesabu za nini?

— Za... usiku. Linatembea usiku.

— Sawa. Na likisimama, nani hulalamika?

— Ukuta, akasema Nabii. Unakuwa mwekundu.

— Ukuta ni ukuta, kaka yangu. Nauliza mtu. Nani hupiga simu?

Apdeti akamtazama Nabii, Nabii akawatazama bata. Wiki tatu faili lilikuwa likisimama kila usiku, wiki tatu mikate imeliwa, vikao vimekaliwa, mtu anataka kunyang'anywa likizo, na hakuna binadamu hata mmoja aliyekuwa amepiga simu kuuliza kulikoni.

Ilmari akanyoosha mkono, akaivuta laptopu.

— Usibonyeze, dada. Tulikuwa tunakubambikia. Nisamehe.

— Nilihisi, akasema Saimi. Mkate mlinipa mkubwa mno.

Akatafuna kidogo, kisha akauliza tena, kwa upole ule ule:

— Sasa wewe si ndiwe mjuzi wake? Mjuzi anaomba ruhusa kwa nani kulizima?

Ilmari akaingia kwa jina lake, akalitafuta faili kwenye ratiba ya mashine, akaliondoa. Faili lenyewe hakuligusa. Alilizuia tu lisitembee, maana kisichotembea hakisimami; mtu akililia arudishiwe. Wakakaa kungoja kama kuna mtu atakayepiga simu. Hata Nabii hakutabiri kitu.

Simu ya Ilmari ikalia. Apdeti alimwaga kahawa mapajani.

— Umeshatoka? ilikuwa sauti ya baba yake. Nianze kuchota maji ya sauna, au bado?

— Bado kidogo, baba, akasema Ilmari, na macho yakamlengalenga. Bado kidogo tu.

Wakangoja tena. Hakupiga mwingine. Kisha dirisha la juu likafunguka kwa nguvu, Marjut akatokeza nusu ya mwili.

— Ilmari! Ukuta umekuwa kijani! Umelitengeneza?

Ilmari akavuta pumzi aeleze yote tangu mwanzo. Skrini Nyeusi akamkanyaga mguu.

— Limetulia, akasema Ilmari.

— Nilijua tu! Wengine hapa wangehitaji mwaka mzima. Kikao nimekifuta, nenda zako likizo. Ukirudi Agosti nitakupa na lile jingine la Raimo, lile kubwa!

Ilmari akampungia mkono, akatupa begi begani, akashika njia ya stendi mbio kabla hajaambiwa jina la faili.