Miaka Thelathini na Moja ya Babu Sponji Kwenye Viti vya Trekta

Kabla ya yote ijulikane kwamba mimi ndiye mwandishi hodari kuliko wote waliopita katika karakana hii. Shule niliiachia darasa la saba kwa sababu walimu waliishiwa na cha kunifundisha. Karani wa ofisi ameniomba ukurasa mmoja wa kumuaga Babu Sponji, wenye heshima na usio na utani. Ukurasa mmoja ataupata.

Babu Sponji, fundi wetu wa viti, ameitumikia karakana ya bustani kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni. Barua inasema anastaafu kwa hiari. Alikuwa amebakiza miaka miwili na aliitaka yote, tena alikuwa akiihesabu kwa furaha. Kwa hiyo hilo neno "hiari" mlisome taratibu.

Alianza kazi kama mfagiaji. Siku hizo zile trekta ndogo za kukatia nyasi zilikuwa mpya na viti vyake viking'aa. Baada ya miaka michache jua likapasua ngozi, sponji likawa linanyonya mvua, na madereva wakawa wanashuka suruali zimelowa kama watoto wa chekechea. Mmoja wao, jitu lenye masharubu, aligoma kupanda mpaka apewe kiti kikavu. Babu akaweka ufagio chini, akachana godoro la nyumbani kwake, akamshonea kiti. Mkewe, ambaye sote tunamwita Bibi, anasema godoro lenyewe ndilo walilokuwa wanalalia, na mpaka leo hajaombwa ruhusa.

Ufagio ukapata mwenyewe mwingine, na Babu akapata meza yake pale dirishani: sindano nene, mkasi wa kukatia ngozi, na trekta kumi na moja zinazozeeka kwa zamu.

Namna yake ya kupima hamtaikuta kwingine. Alikuwa na karai la mchanga uliolowa. Dereva anakaa, ananyanyuka, Babu anainama na kuisoma ile alama kama wenzake wanavyosoma gazeti. Anakwambia nani anaendesha kaegemea upande, nani anaweka pochi mfuko wa nyuma, nani anasinzia kazini. Dereva wa namba tisa aliambiwa aende hospitali, maana upande wa kulia ulizama mara mbili ya kushoto. Akaenda huku akinung'unika, daktari akakuta nyonga imeanza kulika. Sasa anatembea vizuri, na anaisimulia habari hiyo kana kwamba aliigundua yeye. Meneja naye alikaa siku moja kwa mzaha. Alama yake nimekatazwa kuieleza.

Yangu, Babu alisema, ni ya mtu aliyekaa ukingoni, tayari kukimbia. Nikamwambia vijana wazuri hatukai, tunapigwa picha. Alicheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha grisi, akabaki na duara jeusi kwenye jicho, na sisi wote tukanyamaza mpaka saa ya kutoka.

Sponji gumu aliliweka chini, laini juu. Mshono aliupeleka pembeni, usikwaruze paja. Chini alitoboa vitundu viwili vya kutolea maji. Na kabla ya kugusa ngozi alifungua bolti zote, akapapasa bamba la chuma linalobeba kiti, akitafuta ufa. Sisi tuliona anapoteza muda, na tulisema hivyo kwa sauti.

Jumatatu inayofuata ile meza yake itaondolewa dirishani. Viti sasa vinakuja vya plastiki, tayari kwenye maboksi, na kuvifunga nimepewa mimi. Namba sita imenichukua siku nne na kiti bado kinacheza. Babu alipopata barua yake hakupita ofisini kulalamika. Alikuja pale nilipolala chini ya trekta, akachuchumaa, akaniambia, "Mjukuu wangu, hiyo ina ufa upande wa nyuma. Kwa macho huuoni, upapase." Kisha akaenda kunawa mikono.

Babu, kwa niaba ya kila mgongo uliouokoa hapa, tunasema ahsante. Nyumbani ukute afya, usingizi wa mchana usiokatishwa na kengele, na wajukuu wa damu wasiobishana nawe kama mimi. Siku zako zilizobaki ziwe ndefu na nyepesi.

Limebaki moja, na karani akilifuta nitalisema kwa mdomo.

Mwezi wa tatu, maboksi yalipofika, Meneja aliuliza kiti kimoja kinachukua muda gani kufunga. Nikadakia kwamba mimi dakika ishirini zinanitosha, atoe saa. Nikaivuta namba nne mbele ya watu, nikafungua kiti cha zamani, nikapachika kipya, bolti zikaingia kama zimeitwa. Dakika kumi na nane. Meneja akacheka, akauliza, "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii tu?"

Nikajibu, "Ndiyo hii tu, bosi."

Akaandika kwenye daftari lake. Wiki tatu baadaye ikatoka barua kwamba meza ya viti inafungwa.

Meneja, karatasi hii unayo mkononi, basi soma. Siku mbili nzima kabla ya hapo Babu alikuwa amelala chini ya namba nne. Alichomelea ufa, akanyoosha bamba, akatoboa matundu mapya kwa vipimo vya kiti cha plastiki, maana ya zamani hayalingani nacho. Nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia lile bamba. Ulipouliza swali lako alikuwa amesimama nyuma yako, ananitazama. Angeweza kulijibu mwenyewe. Aliniachia mimi niseme, na mimi sikusema.