Limbukeni wa Mwisho wa Mzee Kisu

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye mashine ya kukatia karatasi, Mzee Kisu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Anaondoka na vidole vyote kumi, jambo ambalo katika kiwanda chetu cha uchapaji ni sifa kubwa kuliko cheti.

Mgeni akisikia neno "limbukeni" humu ndani hudhani anatukanwa. Mtaani, limbukeni ni yule aliyekipata kitu juzi na leo anawafundisha wenzake kukitumia. Kwa Mzee Kisu kilikuwa cheo. Kila aliyeajiriwa alianza nacho, awe mfagiaji au mhasibu, na hakikumtoka kwa miezi wala kwa shahada. Kilimtoka siku alipoharibu kazi, akasimama wakati wa chai mbele ya wote na kusema, bila kuulizwa, kwamba ameharibu yeye. Hapo Mzee alimmiminia chai kwa mkono wake na kumwita fundi. Mficha uchi hazai, alisema, hata mbele ya wakaguzi.

Dada wa mapokezi alifuzu siku ya tatu. Meneja aliyepita alikaa miaka tisa akaondoka limbukeni. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi kukosea.

Mzee naye alikosea, na makosa yake aliyatangaza kama harusi. Moja tu hakulisemea: zile kalenda elfu mbili zilizokatwa vibaya, Desemba ikaishia tarehe ishirini na nne. Mteja alifoka, Mzee akavuliwa usimamizi wa zamu, asijitetee hata kwa neno moja. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Wote nilioajiriwa nao ni mafundi sasa. Mimi, kila asubuhi, bado ananiuliza: Limbukeni, umeamkaje? Nikajipa moyo kwamba ni utani. Utani gani wa miaka kumi na moja, jamani!

Kwa kuwa jarida hili husomwa wakati wa chai, nasema bila kuulizwa: kalenda zile nilikata mimi. Mzee alikuwa amempeleka mkewe kliniki, akaniachia mashine kwa saa moja. Nilinyamaza kwa woga, yeye akapoteza cheo. Nisamehe, Mzee wangu.

Wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali na kwa subira. Maisha mema yawe yenu, wewe na mama. Ila Ijumaa usiwahi kutoka. Nitakuja na kikombe changu.