Siku Yangu Msimwahidi Mtu Saa

Sogeeni, wanangu, Noela hapa kitandani na wewe Rupert kwenye kigoda, na simu uitie mfukoni, maana nimekusikia ukiwaambia wanakwaya barazani kwamba baba akifa, kesho yake alfajiri tunashuka Mbamba Bay, jeneza linapakiwa kwenye boti, saa nane mchana anazikwa kijijini kwa mama. Mimi bado napumua hapa nyumbani Mjimwema, Songea, mwanangu umeshanipangia saa ya kuondoka. Sikulaumu. Jambo la kuzikwa kando ya mama yenu, Notburga wangu, nililitaka mwenyewe, na barabara ya gari kule haifiki. Ila leo nalirekebisha, nanyi msikilize, kwa kuwa kifua hiki hakitanipa nafasi ya kurudia.

Boti nawaachia wote wawili, pamoja na mashine yake inayokohoa kunishinda. Mnajua mimi na mama yenu tuliishi humo miaka kumi na moja, tukipika na kulala humo, tukibeba mizigo ya watu bandari kwa bandari, Nkhata Bay, Likoma, Metangula, mpaka Itungi, nanyi mkisoma kwa bibi kule Mfaranyaki. Msilolijua ni jinsi nilivyokaribia kuwafanya yatima, mimi Mngoni wa nchi kavu niliyedhani boti ni lori lililokosa magurudumu.

Ilikuwa mwezi wa saba kama huu. Nilikuwa nimemwahidi padre mmoja kwamba Jumapili atakuwa na kengele yake mpya. Mama yenu akalitazama ziwa, upepo wa mwera umeanza kuvuma kutoka kusini, akasema, "Baba Rupert, tusiende." Nikamwuliza sababu. "Sina. Moyo umekataa tu." Nikamcheka mbele ya watu: "Sasa padre nimwambie moyo wa mke wangu umekataa?" Akapanda hivyo hivyo. Kufika saa tano mawimbi yanatupanda mgongoni, kengele inalia bila mpigaji, mimi nimeng'ang'ania usukani nasali kila sala niijuayo pamoja na ile ya kubariki chakula, naye anachota maji kwa sufuria ya ugali. Kengele tuliitosa ziwani. Tulifika Jumatano, mikono mitupu, na padre akashangaa: "Kwani nani alikuambia uje Jumapili? Ningengoja hata Krismasi."

Baada ya hapo mama yenu akaweka sheria: sufuria inapakiwa mwisho, na asiyeitaka safari anaishusha mchangani, asiulizwe sababu. Kuondoka ni mpaka wote wakubali. Kubaki anatosha mmoja. Siku moja niliishusha mimi, na ziwa likashinda limetulia kama maziwa kwenye bakuli. Watu wa ufukweni walinicheka mpaka jioni. Tulikula samaki wetu mbasa, tukalala, na sikujuta hata kidogo.

Sheria hiyo inakwenda na boti. Kwa hiyo Rupert, siku yangu, Noela akiishusha sufuria, usimbishie, wala usimwambie baba aliagiza, kwani anachoagiza baba ndicho hiki. Ngojeni siku mbili. Mimi sitakuwa na haraka. Mwera ukiendelea, nizikeni hapahapa Songea, hata jirani na kaburi la Saimon, ambaye tulinuniana naye miaka tisa mpaka akafa kwa ajili ya mbuzi wake na mchicha wangu. Tutapata muda wa kuyamaliza.

Linaniuma, sitawaficha. Nilitamani kulala karibu na mama yenu. Lakini nikimfikia huku nimewazamisha watoto wake, mnadhani atanisogezea nafasi?

Noela, niinue kidogo. Maji... hapo, yanatosha. Leteni vichwa nivishike, wote wawili. Mungu awape macho ya kutazama maji kabla ya kutazama saa. Awape kusikilizana. Awape... na kicheko pia, msikisahau, kilinifikisha mbali kuliko ile mashine.

Rupert, toa simu sasa. Wapigie wanakwaya, waambie siku haijulikani, wala saa. Piga ukiwa hapahapa, baba. Nataka... nataka nikusikie ukisema.